Mwaka Niliomfuga Baba Mkwe

Kwa karibu mwaka mzima nilimfuga baba mkwe wangu kwenye banda la kuku. Nilimpa pumba asubuhi na jioni, na alipothubutu kuingia jikoni nilimfukuza kwa mwiko. Usinihukumu kwanza, nipe nafasi nieleze.

Mama mkwe wangu anaishi Newala, huko juu mlimani, alikozaliwa mume wangu. Mimi ni Myao wa Masasi, na nyumba yetu iko Lisekese. Tuna watoto wawili wa kike; wakati huo mkubwa alikuwa darasa la sita na mdogo la tatu. Bibi yao akija kututembelea hana habari na sisi wazazi. Anakuja kwa wake wenzake. Ndivyo anavyowaita wajukuu zake, maana kwetu bibi na mjukuu ni watani, na mume wa bibi ni mume wa mjukuu pia. Akifika tu utamsikia, "Mke mwenzangu, leo umempikia nini mume wetu?" Mume mwenyewe alishafariki, mkubwa akiwa bado ananyonya, lakini utani hawakuuzika pamoja naye.

Basi shule zilipokuwa zinafunguliwa mwaka huo, bibi akateremka Masasi na kikapu kilichofunikwa kanga. Ndani mlikuwa na kijogoo kichanga, upanga wa kichwani ndiyo kwanza unachomoza. Akamkabidhi mdogo.

"Haya, mke mwenzangu, mimi nshachoka na ujane. Nimetuletea mume mwingine. Huyu ndiye babu yako sasa. Mtunze, shule zikifungwa mje naye Newala nimwone."

Mkubwa alicheka. Mimi nilicheka. Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mdogo hakucheka. Alimpokea yule kuku kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema, "Shikamoo babu."

Kuanzia hapo hakuwa na jina jingine. Babu amekula unga. Babu amelala kwenye sufuria la maandazi, nami maandazi ndiyo biashara yangu. Siku moja jirani aliyehamia karibuni alikuja na bakuli la uji kunipa pole kwa kuuguza mzee, kwa sababu alikuwa amenisikia nikipiga kelele kwamba Babu kanyea kochi tena. Uji niliupokea. Ulikuwa mzuri.

Mwaka ukasogea, korosho zikaanza kudondoka, sare za watoto wote wa mtaani zikaingia madoa ya mabibo ambayo hata ufue kwa jiki hayatoki. Mitihani ya kufunga mwaka ikakaribia. Hapo ndipo mume wangu, ambaye ni fundi pikipiki na anaamini kila kitu duniani kinawaka ukikipiga teke mahali panapostahili, akatoa tangazo wakati wa chakula.

"Atakayeingia kumi bora darasani kwake, namchinja huyu jogoo, tunapika pilau."

Mkubwa hakumaliza kula. Alinawa, akaenda kuchukua vitabu. Mtoto yule anapenda nyama kuliko ndugu zake wote, na ndugu anaye mmoja tu. Mdogo alirudisha tonge kwenye sahani, akamtazama baba yake kama anamwona kwa mara ya kwanza.

Kilichofuata kilinichosha akili. Mkubwa alisoma akioga, akasoma akiteka maji, akaandika sehemu za ua kwa mkaa kwenye ukuta niliokuwa nimeupaka chokaa kwa mikono yangu. Kila akitoka shule alipitia bandani kumminya Babu mapaja, kisha akaja kunipa taarifa. "Bado kidogo, mama. Apewe na mahindi." Mdogo naye alifunga vitabu akawa anashinda bandani. Siku moja alinijia nikiwa mbele ya karai la mafuta ya moto.

"Mama, mtu akijua jibu, halafu akaandika lingine, ni dhambi?"

"Ni uongo."

"Na akiandika hajui?"

"Kama hajui aandike hajui. Ondoka hapo, mafuta yatakurukia."

Hakuniuliza tena, nami nikafurahi kwamba nimelea mtoto mkweli.

Siku ya kufunga shule wazazi tuliitwa. Mkubwa alitajwa wa tatu katika darasa lake, na kabla watu hawajamaliza kupiga makofi alikuwa ameshachomoka mbio kwenda nyumbani kuosha sufuria. Mimi nikaitwa pembeni na mwalimu wa mdogo, binti mpole aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza hapo shuleni.

"Shikamoo mama. Samahani, nyumbani kuko salama?"

"Marahaba mwalimu. Salama kabisa."

"Na babu yao... hajambo?"

"Hajambo. Nimemwacha anaparura nyuma ya choo."

Mwalimu alishika mlingoti wa bendera. Kisha akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mwanangu, ambaye mwaka mzima amekuwa akijibu hesabu darasani kabla swali halijaisha, kwenye mtihani ameandika "sijui" kila swali, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mtoto yeyote. Alipomuuliza kulikoni, mtoto alilia, akasema akifaulu baba yake atamchinja babu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye mchanga. Nilipomweleza mwalimu babu ni nani, naye alicheka, akaning'inia kwenye mlingoti hivyohivyo. Lakini njiani kurudi nyumbani kicheko kiliniishia, hasira zikapanda. Mtoto mwenye akili zake timamu, shule nzima inajua sasa kwamba amekuwa wa mwisho, na yote kwa sababu ya kuku! Nilitembea haraka, nikiwa nimeshachagua maneno ya kumwambia.

Nyumbani nilikuta kisu kimenolewa, vitunguu vimekatwa, mkubwa anapuliza moto, na jogoo hayupo. Mume wangu alikuwa ameinama anaangalia uvunguni. Banda tupu, choo tupu, kwa jirani wa uji hayupo. Mdogo alisimama katikati ya uwanja amevaa sweta la shule, lile zito, kwenye joto lile la Masasi ambalo hata mbwa wanalilalamikia. Jasho linamtiririka. Mgongo umevimba.

"Una nini mgongoni?" baba yake akamuuliza.

"Jipu."

Jipu likawika.

Tulimvua sweta tukamkuta Babu amebebwa kwa kanga yangu kama mtoto mchanga, kichwa kimechomoza, macho makali, wala haonyeshi kusumbuka. Yale maneno niliyoyachagua njiani sikuyapata tena. Mdogo aliangua kilio, mkubwa naye akaangua chake, "Baba uliahidi! Baba uliahidi!" na mume wangu akabaki na kisu mkononi akigeuka huku na huku. Mwishowe akaamua kwamba kwa kuwa kesho yake tunakwenda Newala na bibi alisema twende na jogoo, atachinjiwa hukohuko. Wote wawili wakanyamaza. Mkubwa aliamini bibi atataka nyama. Mdogo aliamini bibi hawezi kukubali mumewe achinjwe. Mimi niliamini nitapumzika.

Tulipata nafasi kwenye pikapu ya mteja wa mume wangu, tukapakia madumu ya maji. Watu wengine wakienda kwa wazazi wanabeba sukari. Anayekwenda Newala wakati wa kiangazi anabeba maji, maana huko juu ni ya shida, sukari baadaye. Mdogo alikaa nyuma amekumbatia tenga la Babu, na tulipoanza kupanda mlima upepo ukawa wa baridi, alimvulia sweta.

Bibi alitupokea mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wake wenzangu. Maji yako wapi?"

Yalishushwa maji kwanza, yakaingizwa ndani, ndipo sisi tukakaribishwa. Kisha bibi akauliza, "Na mume wetu?" Mdogo akafunua tenga. Mama mkwe wangu alimtazama jogoo kuanzia upanga mpaka kucha, akaona miguu imefungwa kamba, akanigeukia mimi.

"Mwanamke weye! Umemfunga kamba baba mkwe wako?"

Sijui nini kilinipata. Nilijitanda kanga kichwani, nikapiga goti, nikasema, "Nisamehe mama." Mume wangu akaanza kucheka.

"Nawe unacheka nini? Baba yako umemwamkia?"

"Mama, mimi nimekuja kumchinja."

"Kumchinja nani?"

"Jogoo."

"Huyu ni nani yako?"

Mume wangu ni mtu mzima, ana gereji, kuna vijana wanamwita bosi. Alitazama chini.

"Baba," akasema.

"Haya. Kisu unacho. Mchinje baba yako hapa, majirani waone." Na kweli akapaza sauti kuita majirani, nao wakaja, na mmoja alikuja na kigoda chake kabisa. Utani wa mama mkwe wangu hauna mlango wa kutokea. Mume wangu alinigeukia kuomba msaada. "Mama watoto, basi wewe..." Nikajitanda kanga vizuri zaidi. "Mimi? Mkwe?" Uwanja mzima ukacheka. Mdogo alikuwa tayari anafungua kamba za Babu.

Ndipo mkubwa akasema. Hakupiga kelele kama jana.

"Mimi nimesoma kweli. Yeye kaandika sijui, na ndiye anayepewa anachotaka."

Niliona aibu, maana mtoto alikuwa amesema haki tupu, na sisi watu wazima tulikuwa tunacheza. Bibi akauliza ni sijui gani hiyo. Ilibidi mdogo aeleze mwenyewe, amesimama, jogoo kifuani. Alieleza yote mpaka swali la mwisho.

Bibi alikuwa bado anatabasamu mtoto alipoanza. Alipomaliza, hakuwa anatabasamu.

"Njoo hapa, mke mwenzangu. Ulikuwa unazijua hizo hesabu?"

"Nilikuwa nazijua bibi."

"Mimi n'liachishwa shule darasa la nne nikaolewe na babu yako. Yule wa kweli. Sikuulizwa. Leo weye, hakuna aliyekutoa, umejitoa mwenyewe. Kwa sababu ya mume. Tena mume mwenyewe ana manyoya!"

Nusu ya majirani walicheka, nusu hawakucheka. Mume wangu, ambaye hilo la darasa la nne hakuwahi kulisikia, aliweka kisu chini. Bibi akakiokota, akamshika mkono mkubwa, akampa mpini.

"Mwenye haki ni weye. Ulisoma, ukaahidiwa. Ukisema achinjwe, nitamwita shehe sasa hivi, na mimi mjane nitakula paja. Sema."

Mkubwa alimtazama Babu. Aliyatazama hasa mapaja, yale aliyoyaminya kila siku mpaka akayajua kuliko jiografia. Kisha akamtazama mdogo wake, ambaye hakuwa analia tena. Alikuwa amefumba macho tu na kumbana kuku mpaka kuku akatoa ulimi. Mwanangu akavuta kamasi.

"Asichinjwe," akasema. "Ila mwakani akiandika sijui, ndiyo tumchinje."

Nakuapia, mimi na baba yao tulitazamana. Ahadi ilikuwa inaning'inia pale muda wote, kinachotakiwa ni kuigeuza tu, na hakuna mtu mzima aliyekuwa ameliona hilo. Bibi alipiga vigelegele. Mwenye kigoda akaondoka na kigoda chake, akinung'unika kwamba ameacha mboga motoni bure.

Jioni tulikula ugali na kisamvu cha nazi kilichotiwa korosho. Babu alizunguka kwenye mkeka akidonoa makombo, amefunguliwa, ana haki zote za mwenye nyumba. Mkubwa alitafuna huku akimfuata kwa macho.

"Lingekuwa pilau zuri," akasema, akaomba kisamvu tena. Nilimwekea korosho nyingi kuliko wote.

Asubuhi nilitoka kuwasha moto nikasikia sauti nyuma ya nyumba. Nilichungulia. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka na wake wenzake wawili, Babu kalala kwenye mapaja ya mdogo, na mkubwa amesimama na kipande cha mkaa. Ukuta wa mama mkwe wangu ulikuwa umeshajaa hesabu.

"Saba mara nane?"

"Hamsini na sita," mdogo akajibu.

"Sita mara tisa?"

"Hamsini na nne."

"Na wewe bibi. Tisa mara nane?"

Bibi alifikiri. Alihesabu vidole, akafika mwisho wa vidole, akautazama ukuta.

"Sijui, mke mwenzangu," akasema. "Hiyo sikuifikia."

"Sabini na mbili, bibi," mdogo akamnong'oneza harakaharaka, kabla dada yake hajaona. Bibi akairudia kwa sauti, sabini na mbili, akapigiwa makofi. Nami nikarudi jikoni kupuliza moto.