Kihenge Changu Mwaka Ng'ombe Waliposhuka Bei

Nakumbuka siku moja mume wangu, Msengi, alirudi kutoka mnadani anakimbia. Mtu mzima, mwenye mke na mtoto, anakimbia juani! Nikajua kuna msiba. Nikamweka mtoto chini, nikatoka nje mikono kichwani, naye akasimama mlangoni anahema, akasema, "Ng'ombe wameshuka bei."

Mjukuu wangu, kaa vizuri nikueleze, na usinikatize kama ulivyonikatiza jana. Umekuja kuniuliza kama uuze mahindi yote ununue ng'ombe, kwa sababu redio inasema hali ya uchumi imekuwa mbaya na mnadani ng'ombe ni kama wa bure. Mimi mambo ya redio siyajui. Ninaujua mwaka ule.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Wazungu walikuwa wanapigana vita yao huko mbali, na sisi huku upande wa Mgori tuliisikia dukani: leo hakuna sukari, kesho hakuna kaniki. Mvua nayo ilinyesha kidogo ikakatika, mtama ukaiva kwa shida. Halafu zikaja habari kwamba serikali itachukua ng'ombe wa kulisha askari. Asubuhi unasikia watachukuliwa wote, jioni unasikia madume tu, kesho yake unaambiwa ni uongo mtupu. Watu wakaanza kuuza kwa hofu. Bei ikashuka, na waliokuwa wametulia wakaingiwa na hofu wao pia. Nafaka ikawa inapanda tu.

"Wafugaji wanataka mtama," Msengi akaniambia. "Mzigo mmoja wa punda, mtamba mmoja. Mtamba mzima, si ndama! Kesho anakuja mtu hapa na mitamba watatu. Fungua kihenge."

Kwetu Wanyaturu, nafaka ya nyumba ilikuwa ya mwanamke. Mume analima pamoja nawe na ng'ombe ni wake, lakini kihenge kikishajazwa na mdomo wake kuzibwa kwa udongo na samadi, mkono wa mwanamume hauingii humo. Changu kilisimama ndani ya tembe, pipa kubwa la magome ya mti lililonifika kidevuni. Humo mlikuwa na chakula chetu chote pamoja na mbegu. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa ndiyo kwanza ameacha ziwa. Nikikosea, yeye ndiye wa kwanza kulala na njaa.

Lakini wale mitamba niliwatamani, haki ya Mungu. Mdogo wake Msengi, Ntandu, alikuwa na zizi limejaa, na kila akipita kwetu aliuliza kwa sauti kubwa kama zizi letu tumelifanya shamba la maboga. Mke wake Zaina alikuwa mpole, hasemi kitu, ila Ntandu mwenyewe, loo! Sikulala vizuri. Nilimsikia Msengi naye anageukageuka.

Asubuhi yule mfugaji akaja, Mtaturu mrefu, na mkewe nyuma amebeba mtoto mgongoni. Mitamba walikuwa wazuri, mmoja ana doa jeupe kwenye paji. Nilikuwa nimeshika jembe dogo la kubomolea ule udongo wa kihenge mama mkwe wangu alipoingia uani. Tulimwita Mama Msengi. Mwanamke mfupi, mkavu, hacheki ovyo. Akasalimiwa, akaitikia, akamzunguka yule mwenye doa polepole, kisha akamuuliza mfugaji, "Huko unakotoka, nyasi zikoje?"

Mfugaji akaangalia miguu yake.

"Mama, nyasi zinahusu nini?" Msengi akadakia. "Bei ndiyo hii. Mnada ujao watapanda!"

"Nyamaza, Msengi. Umewahi kumwona mtu wa ng'ombe anauza mtamba ambaye hajazaa? Wewe unaangalia bei. Mimi namwangalia mkewe, ana kibuyu cha maziwa kimekauka mpaka kimepasuka." Akanigeukia mimi. "Na wewe na hilo jembe, unataka kumlisha nini huyo mtoto, pembe? Gonga hicho kihenge. Gonga nisikie!"

Tukaingia ndani, nikagonga kuanzia chini. Du, du, du, sauti nzito, mpaka kifuani kwangu. Hapo ikalia ngo. Mama akaweka kiganja mahali hapo. "Chakula kimeishia hapa. Ondoa cha kula mpaka mavuno." Kiganja kikashuka. "Ondoa cha mwaka mwingine, mvua ikigoma tena." Kikashuka. "Ondoa mbegu. Haya, niambie kilichobaki cha kuuza."

Kilibaki kidogo sana. Akaniambia nibadilishe hicho kwa mbuzi, maana mbuzi hata kwenye miiba anapata cha kula. Mfugaji alikuwa nao wachache amewaacha njiani, akatuletea majike wawili. Mke wa mfugaji naye alipewa na Mama bakuli la unga wa mtoto, bila kubadilishana na kitu.

Msengi akatupa fimbo yake chini akaondoka. Mitamba wote watatu wakaenda kwa Ntandu. Mama alimfuata mpaka kwake kumkataza, akajibiwa kwamba uzee umemfanya mwoga. Tulimsikia Zaina analia ndani wakati wanaume wanachota mtama kwenye kihenge chake.

Basi hapo ndipo nilipoteseka. Mnada uliofuata, ng'ombe wakapanda! Si sana, lakini walipanda. Ntandu akapita kwetu anapiga mluzi. Kisimani wanawake wakaniita mlinzi wa pipa. Msengi akawa hasemi nami, na siku alipofungua mdomo ilikuwa kuniambia kwamba mke anayemzuia mumewe kuendelea anaweza kurudishwa kwa baba yake. Niliogopa, mwanangu. Kila jioni nilikigonga kile kihenge nikijiuliza kama nimeivunja nyumba yangu kwa ajili ya mtama.

Halafu mvua ikagoma. Tuliangalia mawingu yanapita kwenda kwa wengine. Nyasi zikaisha, ng'ombe wakaanza kula nyasi kuukuu za mapaa ya vibanda, na mnadani mtu akasimama na ng'ombe wake kutwa nzima hakuna hata wa kumuuliza bei. Nani angempa nafaka? Wenye nayo walikuwa wamekwisha kuibadilisha kwa ng'ombe hao hao.

Siku moja Zaina akaingia uani anamvuta yule mtamba mwenye doa. Alikuwa mbavu tupu. Mtoto wa Zaina alikuwa mgongoni, kichwa kimelala upande, halii.

"Dada," akasema, "mchukue huyu. Nipe kibuyu kimoja tu."

Msengi alikuwa amekaa ukutani. Akainuka. Nikamwona anamtazama mtamba, na sikujua atasema nini. Akaingia ndani. Nikamsikia anakigonga kihenge, mara ya kwanza katika ndoa yetu. Ngo, ngo, ngo, mpaka chini kabisa, magotini, ndipo kikajibu du. Akatoka, macho mekundu.

"Mpe mtama, mama watoto," akasema. "Na ng'ombe wake arudi naye."

Mtamba hakurudi. Alianguka pale pale kwenye lango la zizi letu, zizi lile la maboga. Wanaume wakamchuna, na jioni nyumba mbili tukala pamoja nyama yake ngumu na ugali wa kihenge changu. Ntandu alikula ameinamisha kichwa. Mama Msengi akamsogezea tonge, akasema, "Kula, mwanangu. Mbegu bado ipo." Mvua iliporudi, tulizigawana zile mbegu, wao na sisi.

Sasa nakuambia wewe. Sikukatazi kununua ng'ombe. Lakini kabla hujafurahia bei, nenda ukamwone anayeuza na umuulize anakimbia nini. Toa kwanza chakula cha watu wako, na cha mwaka ambao mvua itagoma, na mbegu, halafu kinachobaki kipeleke mnadani, hata kikikupatia mbuzi tu. Watakucheka, acha wacheke. Na mkeo akisimama mbele ya ghala akakuambia hapana, usimtishe kumrudisha kwao. Babu yako Msengi aliniomba msamaha kwa hilo mpaka anazeeka, nami nilikuwa nimemsamehe tangu alipotoka ndani na yale macho mekundu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, watoto wako walale wameshiba, na siku utakayogonga ghala lako kwa hofu, likujibu kwa sauti nzito.