Pete ya Fungu Moja

Séraphin Kisimba alikuwa na mikono mibaya. Kucha zilikuwa nyeusi, na asidi ya batri ilikuwa imekula viganja vyake mpaka vikakauka kama ganda la muhogo. Waliovaa pete zake hawakupenda kumpa mkono. Jiko lake na jiko langu yalitazamana hapa katika kambi ya reli, Kamina, na mimi ni mtu wa kuangalia. Nilimwangalia miaka ishirini.

Alizaliwa Kabondo-Dianda. Alikuja akiwa kijana, reli ikamwandika kusafisha taa na kujaza batri za depo. Siku za Jumamosi alifagia kwa Mgiriki mmoja, mtengeneza saa karibu na stesheni; alifagia polepole, macho juu ya meza. Mgiriki aliporudi kwao alimwachia chupa ya chumvi nyeupe yenye sumu, kipande cha dhahabu chembamba kama ukucha, na onyo kwamba mtoto asisogee karibu. Tangu hapo kambi nzima ilifunga ndoa kwa pete za Séraphin.

Watu walidhani anapaka rangi. Mimi niliona kwa macho, mwaka wa 1954, alipotengeneza pete mbili za binti yangu Germaine na mchumba wake Edmond Umba, karani wa tiketi stesheni. Aliniruhusu kusimama mlangoni, si ndani.

Alikata bomba la shaba nyekundu, akalipiga tupa, akasugua vipande viwili kwa kitambaa na jivu laini. Akavichemsha katika maji ya soda ya kufulia. Baada ya hapo hakuvigusa tena kwa kidole, alivishika kwa waya.

"Mafuta ya kidole moja tu, Mama Germaine, na dhahabu inakataa kukaa."

Alizitia pete katika maji safi, akazitoa, akazitazama. Maji yakijikunja matone matone, bado kuna uchafu. Yakitandaa kama shuka, ziko tayari. Kisha akazining'iniza katika bakuli la maji ya ile chumvi, yaliyopashwa moto kidogo. Waya wa pete ukaenda upande mmoja wa batri. Waya wa pili ulishika ile dhahabu yake, nayo ikazama ng'ambo ya pili ya bakuli. Hakuna moshi, hakuna sauti. Dhahabu inatoka kule inakuja huku, ndani ya maji, na huoni ikipita.

Hakuwa na saa. Alitoa rozari mfukoni akasali Salamu Maria kumi, fungu moja. Pete zikatoka na rangi ya kiini cha yai, bila mng'aro. Akazisugua kwa brashi laini, zikawaka.

"Tayari?"

"Kwa bei ya Edmond, tayari. Bantu bengine banalipa mafungu tatu, tano. Yeye alisema moja inatosha. Anatafuta viatu vya ndoa." Alicheka kidogo. Mimi sikucheka. "Sikiliza, Mama. Umuambie Germaine atoe pete akisugua sufuria. Muchanga inakula."

Nilimwambia. Lakini Germaine alikuwa mtoto wa masista, hakufanya jambo bila kuuliza. Siku ya mwisho ya mafundisho ya ndoa alimuuliza padri, na padri akajibu kwamba pete iliyobarikiwa haitoki kidoleni mpaka kifo.

"Nifuate nani, Mama?"

Mimi nilisoma miaka mitatu tu. Ningemweka Séraphin juu ya padri? Nikamwambia amfuate padri. Neno hilo nalitafuna mpaka leo.

Kwetu bibi arusi anajulikana kwa sufuria. Miezi ya kwanza anasugua sufuria za mama mkwe kwa mchanga wa mtoni na jivu mpaka masizi ya miaka yote yatoke, kisha anazianika nje, majirani wapite waone. Mama yake Edmond, Kabedi, hakutoa sufuria zake peke yake. Alileta na za dada zake, na za wake za kaka zake. Germaine alisugua, pete kidoleni, na mchana alitoa muhogo katika maji yaliyochacha, pete kidoleni.

Mwezi wa tano wa ndoa shaba ilitokea, nyekundu, upande wa kiganja kwanza. Kidole kikawa cha kijani. Edmond yeye alishika kalamu, na pete yake iliwaka kama siku ya misa. Kabedi akaweka mikono miwili hiyo juu ya meza, wa mwanawe na wa mwanangu, akaita ndugu za mumewe waangalie.

"Padri moja, siku moja, fundi moja. Ya mutoto wangu iko nzima. Ya huyu inakimbia. Inakimbia nini?"

Wiki ile kambi yote ilijua kwamba dhahabu imemkimbia mwanamke mwenye mwanamume wa nje.

Mama hasimami mbele ya mkwe wake wa kiume. Ni aibu, hata kivuli chake unakikwepa. Mume wangu alikuwa amekufa kwenye ajali ya reli upande wa Luena, na kaka yangu hakujua lolote la chumvi na batri. Kwa hiyo nilivuka kwa Séraphin. Nilimkuta akila bukari.

"Baba Séraphin, weye ndio unajua. Utasema ni muchanga?"

"Nitasema."

"Mbele ya Amédée?"

Aliacha kula. Amédée alikuwa baba mdogo wa Edmond, na tena kapita wa depo, mkubwa wa Séraphin kazini. Sisi sote tulijua batri ile ilitoka wapi.

"Nitasema, Mama Germaine. Huyu mutoto nilimuona akitambaa."

Siku ya kikao cha koo mbili niliketi nyuma ya nyumba ya Kabedi, mgongo ukutani, nisimwone mkwe. Nilisikia yote. Kaka yangu alisema fundi atoe ushuhuda. Nikasikia pete ikiwekwa mezani.

"Haya, fundi," alisema Amédée, "tufundishe. Dhahabu yako unaitia na nini? Na moto gani? Na chombo cha nani?"

Watu walicheka. Séraphin alikohoa.

"Pete zote mbili niliziweka pamoja," alisema. "Maji moja, fungu moja. Ya Bwana Edmond inaangaza. Miye sina neno lingine."

Nilingoja. Nilihesabu ndani ya kifua changu Salamu Maria kumi, kama yeye alivyohesabu. Hakuongeza kitu.

Germaine alirudi siku ile na sanduku lake. Kwa padri yeye bado ni mke, hawezi kuolewa tena. Kwa kina Umba si mke. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Wiki nne baadaye, Jumapili baada ya misa, Séraphin alivuka uwanja wetu akiwa ameshika kitambaa. Siku mbili kabla alikuwa ameniomba ile pete iliyorudi na Germaine, nikampa bila kujua kwa nini. Aliifungua. Iliwaka kuliko siku ya ndoa.

"Mafungu saba," alimwambia Germaine. "Bure."

Germaine aliivaa. Alichukua sufuria yangu ya maharagwe, ile iliyoungua kitako, akatia mchanga na jivu kwenye kopo, akaenda robine, mahali wanawake wote wa kambi wanapochota maji. Akakaa chini akasugua. Kesho yake alirudi na sufuria nyingine. Alipomaliza zangu aliomba za majirani. Séraphin alipita akienda depo asubuhi, akapita akirudi, na kila mara alimkuta pale.

Mafungu saba hayakutoka haraka. Yalimaliza mvua zote. Siku shaba ilipotokea, upande wa kiganja tena, Abigaïl mke wa fundi seremala ndiye aliyeiona.

"Eh, Germaine! Na hii nayo imekimbia? Unalala na sufuria?"

Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mmoja baada ya mwingine wakageuza viganja vyao wakatazama pete zao. Abigaïl akatua ndoo yake chini akaenda mbio kwa Kabedi, maana yeye haruhusu habari ilale.

Alirudi akitembea polepole.

"Amesema nini?" niliuliza, nami nilikuwa nimekuja kuchota.

"Amesema amesikia." Abigaïl hakunitazama. "Edmond amekamata musichana wa Kaniama. Iko na mimba ya miezi tatu."

Séraphin alikuwa amesimama njiani na taa zake mbili za depo. Alisikia. Akageuka akapita njia ya nyuma, kwenye vyoo, na tangu siku hiyo anapita huko. Germaine alimwaga maji machafu, akaosha kidole cha kijani pamoja na pete, akajitwika sufuria kichwani. Ilikuwa ya Abigaïl. Aliipeleka kwao.