Mkanda Ninaujua

Kuna kona moja kwenye barabara ya kupanda kwetu kutoka Sultan Hamud ambayo pikapu yetu haikuiweza hata siku moja. Kwa miaka mingi, tulipoikaribia, abiria wa nyuma walishuka bila kuambiwa, kama waumini wanavyosimama wimbo unapoanza. Mzee wangu, yaani mume wangu, aliniachia usukani, akashuka naye, akasukuma katikati ya akina mama wa kwaya huku wakiimba. Alisema mimi ndiye niendeshe kwa sababu ni mwepesi kuliko yeye, jambo ambalo si kweli tangu mtoto wa pili. Tulicheka sana kwenye kona ile, na hakuna aliyeona aibu.

Halafu mzee wangu akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu wa kulia ukalala, na maneno yake yote yakaondoka isipokuwa mawili ya Kikamba: ii, yaani ndiyo, na aiee, yaani hapana. Daktari alisema mguu utarudi, mradi asikose mazoezi ya hospitali kila wiki. Hospitali iko chini mjini. Kuteremka hakukuwa shida. Mara ya tatu tukirudi, kona ikatukamata kama kawaida, akina mama wakashuka kusukuma, naye akabaki kwenye kiti cha mbele. Nilimwona anawatazama kwenye kioo cha pembeni, wanawake wa rika lake wakimsukuma yeye, na machozi yakamtoka.

Wiki iliyofuata nilipomletea shati lake la kutokea, alisema aiee. Wiki nyingine, aiee. Nikabembeleza, nikamwita mchungaji, nikanuna. Aiee. Mguu ukaanza kukonda huku nikiutazama. Nilikasirika mpaka nikakosa hamu ya chakula, na hasira yenyewe haikuwa juu yake bali juu ya kona.

Injini haikuwa mgonjwa, ilikuwa ndogo tu. Nilimpigia simu mdogo wangu anayeuza vipuri vya magari ya Japani kule Mombasa, nikamweleza yote, naye akanitumia kwa basi kitu kizito ndani ya gunia. Ilikuwa supachaja. Kwa maneno mepesi, ni mashine inayozungushwa na mkanda wa injini, na kazi yake ni kuisukumia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe. Mdogo wangu aliniambia niipeleke kwa wataalamu. Hilo ndilo neno lililoanza kuniwasha.

Nilikwenda Emali kwenye gereji inayosifika, nikaitua supachaja juu ya meza ya fundi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, ovaroli yake safi kuliko leso yangu. Aliigeuza mara mbili, akaniita mama kwa Kikamba na kuuliza, "Mwaitu, mzee ako wapi niongee na yeye?"

"Mzee yuko nyumbani. Ongea na mimi."

"Hii si kitu ya kufungia nyumbani, mwaitu. Ukiongeza hewa, lazima uongeze petroli. Taiming ya cheche pia irudishwe nyuma. Leta gari, uniachie kama wiki tatu."

Nilisikia sauti yake, lakini maneno hayakuingia. Kichwani mwangu lilikuwa limebaki lile la mzee ako wapi. Nikairudisha supachaja kwenye gunia.

Niseme mimi ni nani. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeendesha kisiagi cha mahindi pale juu kwetu, mwanzo na mzee wangu, sasa peke yangu. Kisiagi ni injini ya dizeli, jiwe la kusaga, na mkanda mrefu unaoviunganisha. Mkanda ukikaa upande hata kidogo, unaruka na kumchapa mtu. Nimewahi kutengeneza mkanda nikiwa na mimba ya miezi minane na foleni ya wanawake kumi wananitukana. Kwa hiyo kijana anaponiambia kitu kinachozungushwa na mkanda si cha kufungia nyumbani, nasikia ananieleza namna ya kupika ugali.

Na pale kisiagini tulikuwa na lugha yetu. Kelele ya injini haimruhusu mtu kusikia mwenzake, kwa hiyo mzee alisimama kwenye unga na mimi kwenye mahindi, tukazungumza kwa kugonga debe. Kugonga mara moja ni ongeza. Mara mbili ni zima. Kwa miaka hiyo yote hatukuhitaji neno la tatu.

Basi nikaamua. Wiki tatu za gereji zilikuwa wiki tatu nyingine za aiee, na mguu ulikuwa haungoji. Nilimpa mchomeleaji wa Sultan Hamud vipimo vya kishikio cha chuma, nikaegesha pikapu uani, nikafungua boneti. Mzee alikaa kwenye kiti chake kivulini akinitazama. Siku ya kwanza aligeuza uso. Siku ya pili alisogeza kiti. Siku ya nne nilipovuta uzi wa katani kutoka puli ya injini, yaani gurudumu linalobeba mkanda, mpaka puli ya supachaja, uzi ukagusa kingo zote nne bila kuacha mwanya, alisema ii bila kuulizwa. Nilifunga bolti ya mwisho, nikamletea shati la kutokea, nikamwambia twende tukaione ile kona. Ii.

Tuliteremka wawili tu, tukageuza chini, tukaanza kupanda. Jamani, pikapu ilikuwa imezaliwa upya. Nilikanyaga nayo ikaitika. Nilipita pale inapoanza kuhema, nikapita pale wanaposhukia, kona hiyo mbele yangu, nami nikaanza kuimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya kumwambia kijana wa Emali kitu. Mzee akainua mkono wa kushoto na kugonga dashibodi. Mara mbili.

Mkono wangu ulizima injini kabla kichwa hakijakubali. Tukasimama mlimani, zimebaki hatua kama ishirini tuimalize kona. Nilivuta breki ya mkono, nikatia mawe nyuma ya magurudumu, nikarudi nikamfokea. Nilimwambia anapenda kusukumwa. Nayaandika maneno hayo kwa sababu niliyasema, na ningependa kuwa mtu ambaye hakuyasema.

Alinyoosha kidole kwenye boneti, kisha akagonga dashibodi kwa ukucha, haraka haraka, sauti ndogo kavu. Ndipo nikaelewa alichosikia. Sauti ile niliisikia hata mimi tangu mwanzo wa mlima, na kwangu ilikuwa sauti ya kawaida. Injini ya dizeli hugonga hivyo kutwa nzima, na masikio yangu ni ya dizeli. Lakini mzee wangu, kabla ya kisiagi, aliendesha teksi za petroli miaka saba, na injini ya petroli ikigonga hivyo inalia. Hata suala la mafuta nililipuuza kwa sababu hiyo hiyo. Injini ya kisiagi hujipimia mafuta yenyewe, nami sikuwahi kufikiri kwamba nyingine haziwezi.

Tulirudi nyuma taratibu mpaka kwenye uwanda, tukaenda Emali kwa mwendo wa punda bila kuikanyaga. Yule kijana alifungua plagi moja, akaileta kwenye mwanga. Ilikuwa nyeupe, na juu yake vichembe vinavyong'aa. Alisema hiyo ni pistoni inaanza kuyeyuka.

"Mwaitu, ungemaliza hiyo kona ungemaliza na injini. Nani alikuambia uzime?"

Nikamwonyesha mzee wangu. Kijana akamtazama vizuri, akazunguka mpaka dirishani, akamsalimia kwa mikono miwili. Akamuuliza kama sauti ilianzia chini kabisa mlimani. Ii. Kama ilipungua dereva akipunguza mafuta. Aiee, kisha kidole kikanielekea mimi, kwa maana kwamba huyu hakupunguza. Walicheka wote wawili, na nikawaacha wacheke.

Halafu fundi akainama kwenye mkanda. Alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Hii alignment, mkanda kunyooka hivi, nani alifanya?"

"Mimi."

"Na mashine gani?"

Nilitoa uzi wa katani mfukoni. Nilimwonyesha mara moja, akaomba nirudie, na fundi mwingine akaacha kazi yake akaja kutazama. Sitasema sikufurahi. Nilirudia polepole sana.

Kwa kuwa kazi ya kufunga nilikuwa nimeimaliza, zile wiki tatu hazikuhitajika; tulikaa kwa dada yangu pale Emali siku chache. Kijana aliweka pampu ya petroli yenye nguvu zaidi na vipulizo vikubwa vya kunyunyizia petroli, akarekebisha taiming, akalipima gari kwa kompyuta yake. Mkanda wangu hakuugusa. Nilikwenda kila siku kusimama karibu nikauliza maswali, na safari hii majibu yaliingia.

Siku ya kurudi tulipitia Sultan Hamud, na akina mama wa kwaya walikuwa wakingoja usafiri na vikapu vyao. Wakajaa nyuma. Tulipoikaribia kona nilisikia wanaanza kujiandaa kushuka, mmoja ameshainua mguu, nami nikapiga kelele dirishani kwamba atakayeshuka atatembea. Nilikanyaga. Injini ilivuta kwa sauti moja nzito, laini. Mzee akainua mkono wa kushoto, mguu wangu tayari unataka kuachia. Akagonga mara moja. Nikaongeza, na huko nyuma wakapiga vigelegele mpaka juu.

Sikumwomba msamaha siku ile. Nilimwomba kesho yake, na akasema ii kabla sijamaliza.

Siku ya hospitali iliyofuata wateja walinizidi na muda ukanipita. Katikati ya kelele za kisiagi nikasikia debe likigongwa mlangoni, mara mbili, kwa hasira. Niligeuka. Alikuwa amesimama kwa fimbo yake, amevaa shati la kutokea, vifungo vyote vimekosa matundu yake. Nikazima.