Nusu Dola ya Kendi

Mimi na Kendi tulifika Birmingham mwezi mmoja, Novemba 1998, tukaanza kazi siku moja katika nyumba ya kutunza wazee. Mimi nilimaliza darasa la saba, yeye aliachia la sita. Nasema hili mapema kwa sababu leo watu wakimsikia akieleza sarafu za fedha za Wamarekani wa zamani, wanadhani alisoma chuo kikuu.

Mzee mmoja tuliyekuwa tukimlisha alikuwa na kitabu cha picha za sarafu hizo. Mimi ndiye niliyekuwa namfunulia kurasa, huku jicho liko kwa saa. Siku nilipougua, Kendi akashika zamu yangu, akaanza kumuuliza mzee maswali. Basi. Kitabu kilianzia mikononi mwangu, lakini sifa zikaenda Sparkhill, nyumbani kwa Kendi.

Alivaa koti moja la kijani baridi kumi na moja. Tukamcheka. Kumbe alikuwa akiweka akiba huku akiitafuta nusu dola ya mwaka 1806: upande mmoja mwanamke mwenye nywele zilizoachiliwa, upande wa pili tai. Alipoipata, chama cha wakusanya sarafu alichojiunga nacho kikampa meza kwenye maonyesho, ukumbini Longbridge. Kendi, meza yake peke yake!

Jumamosi kabla ya maonyesho, kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kilikutana kwake. Baada ya chai akaitoa kwenye kitambaa.

"Shikeni ukingoni, dada zangu."

"Wooi, Kendi! Hii ni ya kale kuliko nyanya ya nyanya yangu!" akasema Chepkoech.

Sikutaka kuiona. Nikabeba sufuria nikaingia jikoni, maana kwetu mgeni haachi vyombo vichafu, na kwa kusugua sufuria hakuna wa kunishinda hapa Birmingham. Nikafungulia maji kwa nguvu ili nisisikie. Vicheko nilivisikia. Onyo sikulisikia.

Wageni walipoondoka, Kendi akaenda kuwasindikiza mpaka kwa basi. Nikabaki na ile sarafu mezani. Nyeusi, kama kijiko kilichosahaulika jivuni. Nikajiambia, hii ndiyo ya kupeleka mbele ya wazungu? Niseme ukweli, sikuwa namwonea huruma. Nilitaka waulize nani aliing'arisha, na Kendi alazimike kunitaja.

Nikachukua ndimu, magadi na waya wa kusugulia sufuria. Ikang'aa, jamani, kama imetoka kiwandani.

Kendi aliporudi hakupiga kelele. Akakaa na koti lake mwilini.

"Mama Lennox, umefanya nini?"

"Nimekusaidia."

"Si nimewaambia isisuguliwe? Ule weusi ni ngozi yake. Miaka mia mbili na zaidi, na wewe umeichuna kwa waya!"

Nikaitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Nywele za yule mwanamke zilikuwa zimejaa mikwaruzo.

Siku ya maonyesho nilienda bila kualikwa. Amandeep, katibu wa chama chao, aliinama na kioo chake cha kukuzia, akatikisa kichwa.

"Una nyingine, mama? Hii imeharibika."

"Sina. Nimetafuta hii tu," Kendi akajibu. "Itakaa hapa hapa."

Akachukua kadi akaandika: Nusu dola, 1806. Imesuguliwa.

Nilitegemea meza ile ikose watu. Wapi! Walijaa. Nzuri zilikuwa kila meza, lakini mbovu ilikuwa hii moja, na kila mtu alitaka kuona waya unavyofanya. Kendi akawaeleza kwa upole, mkono ukipita juu ya sarafu bila kuigusa, nao wakamsikiliza kama mwalimu. Nikasimama nyuma na mkoba wangu, moyo ukiniwaka. Hata kazi ya mikono yangu imempa yeye watu!

Mzee mmoja mwenye fimbo akauliza, "Lakini nani alifanya jambo la kijinga hivi?"

Kendi akanitazama. Akafunga mdomo. Alikuwa tayari kunificha, na hilo nalo lingekuwa wema wake mwingine wa kusifiwa.

"Ni mimi," nikasema, nikapenya hadi mbele. "Kwa mikono hii."

Wote wakageuka wakanitazama. Kendi akanisogezea kiti kando yake.

"Kaa basi, Mama Lennox," akasema. "Hata hili ulitaka liwe lako."

Nikakaa. Macho yake yalikuwa mekundu, na sarafu iling'aa katikati yetu.