Mko Wangapi Nyumbani?

Mtu akinyunyizia shati maji kisha akalipitishia pasi ya makaa, ule mvuke unaopanda, nusu nguo nusu majivu, hadi leo hunisimamisha nilipo. Nyinyi wa pasi za stima hamwezi kujua. Mimi hunirudisha Ngara, miaka ile ya hamsini, nimesimama mlangoni kwa Mama Kageha, woga umenijaa hadi mkojo unanibana.

Shule ya kwetu Mutuini ilikuwa imenishinda. Ama niseme mimi ndiye niliyeishinda, maana mwalimu alichoka kunichapa kabla sijachoka kuchapwa. Hesabu zake zote zilikuwa za watu. "Nyumbani mko wangapi? Wakizaliwa wawili?" Nami nililelewa na cucu, nyanya yetu, aliyetuonya asubuhi na jioni kwamba watu wa nyumba hawahesabiwi, ukiwahesabu, mmoja anapungua. Hata mbuzi tuliwatazama nyuso tu, tukajua nani hayupo. Mwalimu alikuwa mtu wa kwetu, mwiko aliujua, ila aliuita ushenzi. Wenzangu walitaja namba yoyote ya uongo wakaketi. Mimi nilinyamaza. Wakaniita Kisiki. "Kisiki, leo umeota majani?" Mwishowe mwalimu akamwambia mama, "Huyu mpeleke akachume kahawa. Kichwa ni kitupu."

Baba alikuwa marehemu, na kaka yangu Njoroge, kifungua mimba, alikuwa amepakiwa kwenye lori la askari wa mkoloni pamoja na vijana wengine, tusijue alikopelekwa. Mama alikuwa na pasi, kile kibali cha serikali, ya kwenda kuuza mboga mjini. Huko akasikia kuna mama Mmaragoli anayefundisha kushona na kusoma wasichana waliokataliwa na shule. Akanichukua. Njiani alisema neno moja tu: "Ukinyamaza na huko, mwanangu, ni kahawa. Sina mlango mwingine wa kubisha."

Mama Kageha alikuwa akinyoosha kola. Hakuinua macho. "Haya, binti. Mko wangapi nyumbani?"

Nimhesabu Njoroge, apungue? Nimwache, niwe nimemzika kwa mdomo wangu? Wasichana kwenye cherehani wakaanza kucheka.

"Huyu ni bubu?" mmoja wao akauliza.

"Si bubu," mama akasema. "Kwetu watu hawahesabiwi."

"Oho! Nami nikadhani ananiogopa. Mimi, ambaye hata kuku wangu hawaniogopi!" Akaiweka pasi kando. "Basi niambie nani hulala wapi."

Hilo halikuwa na mwiko. Cucu karibu na moto. Mama na mtoto mchanga kitandani. Mimi na dada yangu Wanja kwenye ngozi. Kwa kila niliyemtaja, Mama Kageha aliweka kifungo mezani.

"Na Njoroge hulala mlangoni," nikasema.

Mama Kageha akamtazama mama. Mama akatazama sakafu. Kifungo cha Njoroge kikakawia kidogo mkononi, kisha kikawekwa na wenzake.

"Sasa hivi ni vifungo. Vifungo vina mwiko?"

"Havina."

"Hesabu."

"Sita."

"Nikiongeza viwili?"

"Nane!" Nilijibu kabla hajafunga mdomo.

"Kesho uje umefunga kitambaa. Sitaki nywele kwenye cherehani yangu."

Hivyo ndivyo nilivyosoma. Leo nina mjukuu anayefundisha hesabu chuo kikuu, nami humsahihisha, atake asitake.

Njoroge hakurudi. Kwa miaka mingi niliamini ni mimi niliyempunguza kwa vile vifungo, nikanyamaza na woga huo peke yangu. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe siku mama aliponiambia: habari za kifo chake zilimfikia sokoni kabla hajanipeleka Ngara. Alijua. Alisimama nyuma yangu akanisikia nikimlaza mwanawe mlangoni, na hakunikatiza, kwa sababu angenikatiza, ningenyamaza tena.