Taa Iliyomchoma Baba Mguu

Mimi ndiye niliyemleta yule mtu nyumbani, kwa hiyo dharau ninayommwagia hapa, sehemu yake ni yangu.

Ilikuwa miaka ya sabini, shambani kwetu karibu na Itumbe. Baba alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kwenye unyayo alikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Kila asubuhi alikitia ndani ya gambuti akaenda kuchuma majani chai.

"Hakiniumi," alisema, "basi kinapona."

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kale kaelimu kangu kalinivimbisha kichwa. Siku ya soko, mjini Ogembo, nilimkuta bwana mmoja aliyevaa koti jeupe la daktari lililokosa vifungo viwili. Alikuwa na taa nyekundu ya kupashia vifaranga joto, ameiunganisha na betri za lori. Alitangaza kwamba Ulaya wamegundua mwanga wa kufunga vidonda, na kwamba katika Kisii nzima ni yeye tu aliyenao. Mwanga wa vifaranga! Nami, mwenye cheti ukutani, nikatikisa kichwa kukubali.

Alipofika kwetu, kwanza alimaliza kuku tuliyemchinjia. Kisha akaelekeza taa kwenye unyayo wa baba.

"Mzee, unasikia joto?"

"Sisikii kitu."

"Vizuri sana. Tuisogeze karibu."

Akasogeza. Nilisimama pale nikihesabu dakika kwa saa yangu ya mkononi, nikijiona msaidizi wa daktari. Mama, ambaye hakusoma hata darasa moja, alitoka jikoni akinusa.

"Nani anachoma nyama?"

Ulikuwa mguu wa baba. Ngozi ilikuwa imevimba malengelenge, naye ameketi ametulia, hana habari. Yule bwana, bila haya, akasema huo ni uchafu unaotoka. Mama alimrukia na mwiko. Jamaa alikimbia mpaka barabarani, taa na betri akatuachia.

Tulimpeleka baba hospitali ya misheni. Muuguzi, mama mmoja mkali, aliutazama ule mguu, kisha akanitazama mimi.

"Sukari imeua hisia mguuni. Hata kaa la moto hawezi kulisikia. Mwalimu mzima, hukuweza kuuliza?"

Baba alikatwa vidole viwili vya mguu. Kilichouokoa mguu hakikuwa na ajabu yoyote: sindano za kushusha sukari, kitambaa safi kila siku, na kukaa bila kuukanyaga. Kwa miezi minne nilimwosha kidonda kila asubuhi kabla ya kwenda shule, huku akinisimulia habari za mvua na bei ya majani, mpaka nyama mpya ikajaa na kidonda kikafunga.

Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.