Kengele Haifai Siku ya Upepo

Kuvua kwa kengele siku ya upepo ni kazi bure, na mimi niliifanya kazi bure hiyo miezi miwili ya kiangazi, nikijua.

Uvuvi wetu ni wa bwawani. Lipo bwawa la kunyweshea ng'ombe upande wa Ndalambo, lina perege na kambare, na halina hata kichaka cha kukinga upepo. Tunavua kwa kijikapu cha waya, ukubwa wa yai, kilichofungiwa risasi ili kiende mbali. Risasi naokota kwa mafundi tairi wa Tunduma, zile wanazobandika kwenye rimu kusawazisha gurudumu. Ndani ya kijikapu unashindilia pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, unakitupa pamoja na ndoana, kinazama, pumba inamwagika taratibu na samaki wanakuja kula. Wewe uliye ukingoni huoni chochote. Unahitaji kitu cha kukuambia kwamba mmoja ameshika. Sisi tulitumia vikengele vya kubana kwenye ncha ya fimbo, nilivyovinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, siku moja na fimbo zenyewe.

Ninaposema sisi, ni mimi na baba mkwe. Mimi ni wakala wa forodha. Siku zangu zinaishia mpakani nikigombana na karatasi na madereva waliochoka kungoja, na ifikapo Jumamosi sitaki kusikia sauti ya mtu. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea, maisha yake yote ya kazi akikata chasisi za malori kwa mashine inayopiga kelele. Sasa amestaafu, anakaa Chapwa, ni mzee wa kanisa. Kwa ajili ya samaki alikuwa akinunua machicha ya pombe kwa jirani, ayachanganye na pumba. Aliyabeba kwenye ndoo yenye mfuniko, na akikutana na waumini aliwaambia ni chakula cha nguruwe. Hakuwahi kufuga nguruwe. Nilimpenda kwa hilo tu, hata kama kusingekuwa na kingine.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano upepo wa kiangazi ulianza, na ulianza kwa nguvu. Ulizishika fimbo zetu tatu ukazitikisa, vikengele vikalia vyote kwa pamoja bila kupumzika. Kichwa kilianza kuniuma. Nilikuwa natafuta namna ya adabu ya kumwomba mkwe tuondoke, ndipo yeye, ameketi kwenye kidumu chake mikono juu ya magoti, akaniambia bila kugeuka, "Leo hawagusi kabisa. Kengele zimenyamaza."

Nilidhani ananitania. Nilimtazama, nikaona hatanii.

Usiku ule nilimwambia mke wangu. Hakushangaa. Alisema mama yake amelalamika mwaka mzima, ila kila akilalamika anajibiwa kwamba wanawake wa siku hizi wanaongea kwa kumung'unya. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba baba yake bado anaendesha baiskeli kwenye barabara ya malori, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeshinda naye, nimwambie. Nikamuuliza kama amewahi kuona mkwe anamwambia mkwe kwamba ni kiziwi. Mkwe humkosoi chakula, humkosoi njia, sembuse masikio.

Basi nikawa kengele mimi. Mshipi ukivutwa nilinyanyuka na kujinyoosha, au nilikohoa nikionyesha kwa kidevu, naye akafika kwenye fimbo akidhani amesikia. Mara nyingi tulichelewa, samaki akala na kwenda zake. Jioni, yeye akirudi Chapwa kwa baiskeli, nilimfuata nyuma kwa pikipiki, gia ya kwanza, taa zikiwaka, nikiamini kwamba lori litaniona mimi kwanza. Nilimdanganya kwamba pikipiki ina hitilafu ya kabureta. Alifurahi sana. Aliwasimulia watu kanisani kwamba mkwe wake amenunua pikipiki inayoshindwa na baiskeli.

Ikaja Jumamosi nyingine, miezi miwili baadaye. Tulikuwa tunarudi vilevile, yeye mbele na mimi nyuma, upepo ukitupiga usoni. Lori lenye tela lilikuja kutoka nyuma, likanipigia honi, nikasogea. Likampigia honi yeye. Likapiga tena. Likapiga mara ya tatu, ndefu, mpaka nikahisi kifua kinatetemeka, na yeye alikuwa katikati ya njia anakanyaga pedali polepole. Dereva alikata usukani. Tela lilimpita karibu, upepo wake ukamsukuma majanini, yeye na baiskeli na ndoo ya machicha. Lori halikusimama.

Nilifika nikamwinua. Hakuumia, alichubuka kiganja. Akasema dereva yule alikuwa mlevi, mtu gani anapita bila hata kupiga honi. Nami, ambaye masikio yangu yalikuwa bado yanavuma, nikasema, "Madereva wa siku hizi, baba." Nilijichukia kwa maneno hayo wiki nzima. Mpakani niliwakaripia watu wasio na kosa.

Wiki hiyo ndipo nilipotengeneza vizibo. Si ufundi mkubwa. Nilichukua vizibo vya soda, nikavipaka rangi nyekundu, nikafinyangia kipande cha risasi ndani ya kila kimoja ili upepo usikipeperushe, nikakiwekea kindoana cha waya. Kizibo kinaning'inia kwenye mshipi kati ya gurudumu la fimbo, lile la kukunjia mshipi, na pete ya kwanza, kikiuvuta chini kidogo. Samaki akivuta, kizibo kinapanda. Samaki akichukua chambo akaja upande wako, mshipi unalegea na kizibo kinashuka hadi chini, jambo ambalo kengele isingekuambia hata siku isiyo na upepo. Nilikata ndoo kuukuu ubavuni ziwe ngao, kila kizibo kikae ndani ya ndoo yake. Fimbo nilizilaza, ncha karibu iguse maji na ielekee kilipo kijikapu, maana fimbo iliyosimama inauachia upepo mshipi mrefu wa kuchezea. Mshipi wenyewe niliupaka sabuni ya kuoshea vyombo ili uzame upesi. Risasi nikaziongeza. Kengele nikaziacha nyumbani.

Jumamosi iliyofuata baba mkwe alinitazama nikipanga hayo yote. Upepo ulikuwa mkali kuliko siku zote, maji ya bwawa yana mikunjo. Hatukukaa sana kizibo cha kati kikapanda, taratibu, kikagusa fimbo. Mimi nilikuwa nafungua pumba, sikukiona. Yeye ndiye aliyekiona. Alikuwa ameshainuka na fimbo mkononi nilipogeuka, na perege alitoka mpana kama kiganja cha mtu mzima. Baadaye kizibo cha kushoto kikashuka ghafla. Nikafungua mdomo nimweleze maana yake, lakini fundi ni fundi, alikuwa ameshaelewa, akakunja mshipi haraka akamkuta kambare mwisho wake. Mpaka mchana alikuwa na samaki saba na mimi sina hata mmoja. Nilifurahi mno, sikumbuki kufurahi hivyo kwa kushindwa.

Tulikuwa tunakula viazi vya kuchemsha aliponiuliza, akitazama maji.

"Kengele umezitoa kwa sababu ya upepo, au kwa sababu yangu?"

Jibu la upepo lilikuwa tayari mdomoni, na lilikuwa kweli kabisa. Hakuna ambaye angenilaumu. Nikasema, kwa sauti ya chini kama mtu anavyosema na mkwe wake, "Kwa sababu yako, baba."

Akageuka. "Unasemaje?"

Hapo ndipo nilipoona adabu yangu haina kazi. Nilisogea mbele yake nikapaza sauti, upepo ukinijaza mdomo, nikasema ni kwa sababu yake, na kwamba lile lori lilipiga honi. Lilipiga mara tatu. Wachunga ng'ombe ng'ambo ya bwawa waligeuka kutazama mwanamume anayempigia kelele mkwewe. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Alimaliza kiazi chake. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Nilijua," akasema. "Nilidhani ninajua peke yangu."

Alivua kambare mwingine mmoja, tukakunja mishipi, akafunga ndoo kwenye keria ya baiskeli. Nilikuwa nimeshawasha pikipiki na ninamsubiri atangulie, kama kawaida, alipoisogeza baiskeli hadi ubavuni kwangu na kuzima pikipiki kwa mkono wake.

"Kabureta hiyo ni nzima, ninaiona," akasema. "Unanifuata nyuma tangu mwezi wa tano. Nyuma utanisaidia nini? Kaa mbele nikuone. Ukisogea, nitasogea."

Nilimwambia siwezi kumtangulia mkwe barabarani, watu watasemaje. Sijui kama alisikia au hakutaka kusikia. Aliniashiria kwa kidevu, niende.

Nikatangulia. Nilikwenda polepole, shingo imekaza, macho kwenye kioo cha pembeni. Kabla ya Chapwa nikasikia lori nyuma, bado liko mbali, halijapiga honi. Nikatoka barabarani nikasimama kwenye changarawe, na sikuthubutu kutazama kioo mpaka lilipokuwa limenipita. Kisha nikatazama. Alikuwa nje ya barabara, mguu mmoja chini, vumbi limemjaa usoni, ananiangalia mgongoni akingoja nirudi njiani.